Kipimo cha virusi vya Ukimwi: uondolewe mlango, abaki mshauri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hapa Kisumu watu hulisema kwa sauti ya chini, jikoni, sokoni na kwenye matanga, na ambalo hupata kusemwa hadharani zaidi inapowadia tarehe 1 Desemba, Siku ya Ukimwi Duniani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu, na sasa ninahudumu kama mhamasishaji wa afya ya jamii mtaani Nyalenda, kazi inayonipitisha katika nyumba zipatazo 100. Katika nyumba hizo nimekuja kuamini kwamba wengi wetu hatukiogopi tena kipimo cha virusi vya Ukimwi chenyewe, wala jibu lake hatuliogopi kama tulivyoliogopa zamani. Tunachoogopa ni kuonekana tukikiendea.

Nianze na mdogo wangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Mwaka 1996 alilazwa katika hospitali moja ya mkoa wa Nyanza wa wakati huo, akiwa na homa isiyoisha na kikohozi cha majuma mengi. Alitolewa damu kwa sindano, ikatiwa kwenye kichupa, ikapelekwa maabara, naye akaambiwa arudi baada ya majuma mawili kuchukua majibu. Hakuelezwa damu hiyo ilikuwa inapimwa nini. Alikisia mwenyewe, kwa namna aliyemhudumia alivyokwepa kumtazama usoni, na hakurudi. Majibu yake, ikiwa yalitoka, hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeyasoma. Alipofariki mwaka 1998 wazee walisema ni chira, kwamba kulikuwa na mwiko uliovunjwa, na mimi niliyekuwa nimesoma nikanyamaza pamoja nao. Kadi yake ya hospitali ninayo mpaka leo. Tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu ya bluu, na nafasi iliyo chini yake ni tupu.

Ninaieleza habari hiyo kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba kipimo kimekuwa hivi siku zote. Kipimo cha enzi hiyo kilihitaji mashine, umeme na mtaalamu wa maabara, na sampuli nyingi zilisubiriana ndipo zipimwe kwa pamoja, kwa hivyo mtu alikaa siku nyingi na hofu yake kifuani, na wengi waliotolewa damu hawakurudi kusikia walilotolewa damu kwa ajili yake. Kipimo cha haraka ndicho kilichotuondolea mateso hayo. Kuanzia mwaka 2001, vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, vile ambavyo sote tulivizoea kwa jina la VCT, vilipoanza kuenea nchini, mtu aliweza kuingia baada ya kufungua kinywa asubuhi na kutoka na jibu lake kabla ya chai ya saa nne.

Mimi nilipimwa mara ya kwanza mwaka 2003. Mshauri alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Alinifuta kidole kwa pamba yenye spiriti, akakidunga pembeni ambapo hapaumi sana, akalipangusa tone la kwanza, akalichukua la pili kwa kimrija chembamba, akalidondosha kwenye kipimo na kuliongezea kimiminika chake. Alinieleza kwamba kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani wale askari ambao mwili huwaunda unapovamiwa na virusi hivyo. Damu hutambaa ndani ya kipimo kama wino unavyotambaa kwenye karatasi ya kukaushia, na inapokuwa na askari hao mstari hujichora. Mstari ulioandikiwa herufi C huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi, na usipotokea kipimo hicho hutupwa na kingine kutumika. Mstari wa pili ndio wenye habari. Kisha tukasubiri dakika 15. Nimesimamia mitihani mingi ya darasa la nane, lakini sijaona dakika zinazokokota miguu kama zile. Aliyenivusha ni yule kijana, ambaye hakunihubiria wala kunihesabia maisha yangu. Aliniuliza kama nilikuwa nimelala usingizi usiku uliotangulia, kisha akaniuliza nikitoka pale, jibu liwe lolote lile, ningemwambia nani kwanza. Sikuwa nimewahi kuliwaza swali hilo. Nilimtaja dada yetu mkubwa, na kabla hata mistari haijasomwa nilihisi sipo peke yangu katika kile chumba.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Tangu mwaka 2016 kila anayepatikana na virusi hapa Kenya huanzishiwa dawa mara moja, bila kungoja kinga ya mwili ishuke kwanza, na wengi sasa humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Anayezitumia dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane tena katika damu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, jambo ambalo mdogo wangu angelisikia angelia kwa furaha. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulituonyesha mahali tulipokwama. Katika kaunti yetu ya Kisumu, asilimia 17.5 ya watu wazima walikuwa wakiishi na virusi, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Nchini kote, kati ya kila watu wazima 10 waliokuwa na virusi, takriban wawili hawakuwa wakijua. Lakini kati ya wale waliojua, asilimia 96 walikuwa tayari wanatumia dawa. Nawaomba wasomaji wazitazame hesabu hizo mbili kwa pamoja, kwa kuwa zinasema wazi kwamba mtu wetu akishajua, humeza. Anapokwama ni kabla ya hapo, njiani, akiwa bado anazunguka zunguka nje ya lango.

Ninakijua kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja kwa sababu wahudumu wake wengi ni watu wema, ambapo chumba cha kupimia kilikuwa mwisho wa ukumbi, kikiwa na rangi yake tofauti, na benchi lake likitazamana na foleni ya akina mama walioleta watoto kuchanjwa. Ukiketi kwenye benchi hilo, mtaa ulikuwa na habari zako kabla wewe hujazipata. Nilimwona mzee mmoja ninayemheshimu akiingia langoni majuma matatu mfululizo, na kila alipofika kwenye kona ile alipinda akaenda dirisha la dawa kuomba dawa ya kichwa. Wapo wanaopanda matatu hadi Ahero au Maseno, na wenye nauli zaidi hadi Kakamega, ili wapimwe na watu wasiowafahamu. Kisha mmoja wao akipatikana na virusi na kuandikishwa kliniki ya huko, nauli ya kwenda na kurudi humlemea, na dawa hukatika. Wapo pia wanaoniambia kwa adabu, "Mwalimu, nitapimwa nikisafiri." Wengi wao hawasafiri.

Sasa nafika kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, fedha za PEPFAR, mpango uliokuwa umegharamia sehemu kubwa ya huduma hizi hapa kwetu tangu ulipoanzishwa mwaka 2003, ziliyumba. Washauri wengi waliachishwa kazi, na serikali yetu ikaelekeza kwamba kliniki za watu wanaoishi na virusi ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kilio kilichosikika kilikuwa cha haki, nami nilikuwa miongoni mwa waliolia, kwa sababu niliwafahamu kwa majina baadhi ya waliopoteza kazi na niliwafahamu watu waliowategemea. Lakini naomba niseme lile ambalo wenzangu wa kazi hawapendi kulisikia kutoka kwangu. Ule mlango wa peke yake ulikuwa unatufukuzia watu. Tulipoujenga tulikuwa na nia njema, tulitaka mtu apate faragha, na badala yake tukamtia alama. Ikiwa anayekuja kupimwa presha, anayekuja kupimwa malaria, mjamzito na anayekuja kupimwa virusi wote wataketi benchi moja, waitwe kwa namba na waingie chumba ambacho hakuna awezaye kubashiri kinachofanyika ndani yake, yule mzee wa dawa ya kichwa ataingia.

Jambo hili si geni katika eneo letu. Mwaka 2013 watafiti wa mradi uliojulikana kwa jina la SEARCH walianza kuandaa kambi za afya katika jamii za magharibi mwa Kenya na za Uganda, ambako mkazi yeyote alialikwa kupimwa presha, kisukari na virusi vya Ukimwi mahali pamoja, na ambao hawakufika walifuatwa nyumbani. Takriban watu wazima 9 kati ya kila 10 walipimwa. Ni watu wa vijiji vilevile ambavyo tumezoea kuambiwa kwamba havitaki kupimwa.

Hofu yangu kuhusu kuunganishwa huku ni kwamba mlango utaondoka na mtu aliyekuwa nyuma yake. Muuguzi mwenye foleni inayofika nje ataweza kudunga kidole na kusoma mistari, hilo halina shaka, lakini zile dakika 15 za kungoja atakuwa ameshaita wagonjwa wengine wawili, na yule aliyedungwa atabaki akitazama ukuta. Hakuna atakayemuuliza atamwambia nani kwanza. Sheria yetu ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti HIV na Ukimwi inataka mtu apewe ushauri kabla ya kupimwa na baada yake, inataka akubali kwa hiari yake, na inataka majibu yake yabaki siri. Iliandikwa na watu waliokuwa wameona yaliyompata mdogo wangu yakiwapata wengine wengi. Kaunti isije ikatuambia kwamba ushauri ni anasa iliyokuwa ikilipiwa na wafadhili. Kama fedha ni chache, heri vyumba vipungue na mshauri mmoja katika kila kituo alipwe kutoka mfuko wa kaunti, kama anavyolipwa dereva wa ambulensi.

Njia ya pili ya kuuondoa mlango ni kukipeleka kipimo nyumbani kwa mtu, na hapa nina mengi zaidi ya kusema kwa sababu kimeingia nyumbani kwangu pia. Vifaa vya kujipima vilizinduliwa rasmi nchini mwaka 2017, lakini Kisumu ilikuwa imekwisha kuvijaribu. Mwaka 2015 watafiti waliwashirikisha wanawake 600 waliokuwa wakihudhuria kliniki za wajawazito na za waliojifungua hapa Kisumu. Baadhi yao walipewa vifaa vya kujipima waende navyo kwa waume au wapenzi wao, na wengine walipewa kadi ya mwaliko wa kumwita mwanamume aje kituoni. Katika miezi mitatu, wanaume waliopimwa walikuwa takriban asilimia 91 pale ambapo mwanamke alibeba vifaa, na asilimia 52 pale alipobeba kadi. Ni mume yuleyule na mji uleule. Tofauti ni kwamba mmoja aliambiwa "njoo uonekane" na mwingine aliwekewa kipimo mezani.

Mke wa mwanangu wa pili alipokuwa na mimba alirudi kutoka kliniki na vifaa viwili. Wasomaji wa huku kwetu wataelewa kwamba mama hawezi kumkabili mwanawe aliyeoa na kumuuliza habari za chumbani. Hata kuingia chumba chao cha kulala siingii. Kwa hivyo nilinyamaza, ingawa nilivijua vilipo, juu ya kabati la vyombo, ndani ya mfuko wa karatasi. Vilikaa hapo majuma matatu. Mke wake hakumsukuma. Alimwambia mara moja tu kwamba yeye amekwisha kupimwa, kwamba mtoto anakuja, na kwamba siku atakapokuwa tayari watakaa pamoja. Jumamosi moja usiku, stima ilipokuwa imepotea na watoto wa jirani wakipiga kelele nje, mwanangu alimwambia mkewe, "Mama Achi, lete ile kitu." Waliketi na tochi ya simu, wakafuata picha zilizo kwenye karatasi ya maelezo, wakasubiri. Jibu lao ni lao, na siliandiki hapa. Ninaloweza kuandika ni kwamba kesho yake mwanangu alikuja kuniamkia mapema kuliko kawaida, akakaa kwenye kigoda jikoni kwangu muda mrefu, na hakuna kati yetu aliyetaja kipimo.

Majuma yale matatu yalinifunza uvumilivu ambao sisi wahamasishaji mara nyingi hatuna. Tunataka watu wapimwe leo kwa sababu kipimo ni cha haraka, tukisahau kwamba uharaka ni wa kipimo, na moyo wa mtu una saa yake. Nimeona pia upande wa pili, mwanamume anayemwekea mkewe kipimo na kumwamuru, na mzazi anayetaka kumpima kwa nguvu msichana aliyechelewa kurudi nyumbani. Hayo sheria inayakataza, na mwenye kuyafanya asijifiche nyuma yetu. Vilevile mwanamke anayejua kwamba mumewe ni mtu wa mikono asibebeshwe vifaa kliniki bila kuulizwa kwanza kama ni salama kwake kufika navyo nyumbani.

Kuna mambo ambayo huulizwa mara kwa mara, na kwa kuwa wanaoyauliza ni wengi na wanaojibu ni wachache, naomba Mhariri uniruhusu kuyagusa. La kwanza ni mate. Baadhi ya vifaa vya kujipima havihitaji damu, mtu hupitisha kijiti kwenye ufizi wa juu na wa chini kisha akakitumbukiza kwenye kichupa cha maji ya dawa. Tangu vifaa hivyo vije nimesikia watu wazima wakisema kwamba basi virusi vimo kwenye mate, na kuna nyumba moja ambapo kijana anayemeza dawa alitengewa kikombe chake kwa sababu hiyo. Kijiti hicho, kama ilivyo kwa tone la damu, hutafuta kingamwili, na kingamwili hupatikana kwenye unyevu wa ufizi. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa mate wala kwa kikombe. Kijana yule amerudishiwa kikombe cha wote, lakini ilichukua ziara nne.

Jambo jingine ni muda wa kusoma. Kifaa cha ufizi kilichozoeleka husomwa kati ya dakika 20 na 40, na baada ya hapo hakisomwi tena. Jirani mmoja alijipima usiku, akaona mstari mmoja, akakitupa kifaa kwenye pipa la taka. Alfajiri akakiokota kukitazama tena, akaona kivuli cha mstari wa pili, akanijia kabla ya jua kuchomoza akiwa amekifunga kwenye leso kama yai. Alikuwa akitetemeka kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa jibu. Tulikwenda pamoja kituoni siku hiyohiyo akapimwa upya. Lakini niseme pia kwamba mstari wa pili ukijitokeza ndani ya muda wake, hata ukiwa hafifu kama uzi, ni wa kuchukuliwa kwa uzito na kupelekwa kituoni kuthibitishwa. Kipimo cha nyumbani chenye mistari miwili humtuma mtu kituoni. Hakimpi jibu la mwisho. Kituoni atadungwa tena, na huenda zaidi ya mara moja, kwa kuwa tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla ya mtu kuambiwa ana virusi. Wapo wanaodhani kwamba kudungwa mara ya pili ni dalili ya kufichwa kitu. Kinyume chake, ni uangalifu ili pasiwe na mtu wa kubebeshwa jibu ambalo si lake.

Mstari mmoja nao una mipaka yake, na hili ningependa vijana wetu walisikie vizuri. Askari wa mwili huchukua majuma kadhaa kuonekana baada ya maambukizi, na inaweza kufika miezi mitatu. Kijana anayebeba kifaa hadi chumba cha kukodi, akapima na mwenzake, wakaona mstari mmoja na kutupa kondomu, amesoma hali ya miezi iliyopita. Aliye na wasiwasi kuhusu tukio la jana au juzi asijipime nyumbani akangoja. Akimbilie kituo cha afya ndani ya saa 72, ambako kuna dawa za kumkinga anazomeza kwa siku 28. Anayemeza dawa za virusi tayari asijipime kuona kama amepona, kwa sababu dawa zinaweza kukifanya kipimo kitoe jibu la uongo, na nimeona mtu aliyeacha dawa kwa ajili ya mstari mmoja. Mtoto mchanga wa mama mwenye virusi hapimwi kwa kifaa hiki, kwa kuwa hubeba kingamwili za mama yake na anaweza kukaa nazo hadi miezi 18. Yeye ana kipimo chake cha maabara kuanzia majuma sita.

Halafu kuna wanaume wa rika langu, wale ambao huniambia kwa utulivu kabisa, "Mama watoto alipimwa kliniki, tuko sawa." Jibu la mke ni la mke. Tunao hapa mtaani wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, wameishi hivyo miaka mingi, wamezaa na watoto wao hawana virusi, kwa sababu kila mmoja alidunga kidole chake mwenyewe.

Ninayoyaomba ni machache, na nayaelekeza kwa kaunti yetu na kwa vituo vyetu. Nimekwisha kusema kuhusu mlango na mshauri. Naomba pia saa zifikiriwe. Wavuvi wa Dunga huwa ziwani usiku na hulala mchana ambapo vituo viko wazi, na akina mama wanaongoja samaki ufuoni alfajiri huwa sokoni Kibuye mpaka jioni. Kituo kinachofungwa saa kumi na moja hakikujengwa kwa ajili yao, na hata benchi likihamishwa hawatalikalia. Vifaa vya kujipima vinauzwa kwenye maduka ya dawa, lakini muuza mboga mwenye faida ya siku moja mkononi ataununua unga kwanza, na ninamwelewa. Viwekwe ufuoni, kwenye ofisi za vikundi vya bodaboda na kwa wahamasishaji, bure, katika mifuko isiyo na maandishi, na ndani ya kila mfuko kuwe na karatasi ya Kiswahili na ya Dholuo yenye namba ya simu ambayo mtu halisi huipokea, hata saa sita za usiku, kwani hiyo ndiyo saa ambayo wengi hupata ujasiri.

Wakati tukingoja hayo, mimi huwa nyumbani kila Jumapili alasiri baada ya ibada. Ninayo mashine ya presha, ya kisukari na mizani tuliyopewa na serikali, na majirani huja na kuketi chini ya mwembe wakingoja zamu. Baadhi yao huwa wamekuja na kifaa chao mfukoni, wakitaka tu mtu wa kuketi naye hizo dakika 20. Hao huwapokea ndani, nikawamiminia chai, na kabla hatujasoma chochote huwauliza watamwambia nani kwanza. Wakitoka, walioketi chini ya mwembe huwauliza presha imekuwa ngapi.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Nyalenda, Kisumu